Moshi mweupe kwenye ekzosi ya lori: mvuke wa kawaida au dalili ya hatari?

Alfajiri ya mwezi Juni au Julai, malori yaliyolala Makambako, Mafinga au Timboroa yanapowashwa, eneo la maegesho hujaa wingu jeupe. Baada ya muda wingu hilo hutoweka na safari ya kwenda Tunduma au Malaba huendelea. Lakini katika msururu huo huo linaweza kuwamo lori moja ambalo weupe wake hautoweki. Lori hilo linaingiza maji ya rejeta ndani ya injini, na likipandisha mlima na mzigo linaweza kufia njiani.

Kwa macho ya haraka malori hayo mawili yanafanana, na kuyachanganya kuna gharama pande zote mbili. Mwenye lori anayeogopa mvuke wa kawaida anaweza kufunguliwa silinda hedi isiyo na ubovu, akalipia gasketi na ufundi na kupoteza siku za safari. Anayepuuza mvuke wa hatari anaweza kupoteza injini nzima.

Kwa mzigo unaovuka mpaka, hasara haiishii kwenye injini. Mzigo wa transiti uliofungwa kwa lakiri ya forodha hauwezi kuhamishiwa lori jingine bila idhini ya forodha, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Injini ikibadilishwa, namba yake haitalingana tena na iliyo kwenye kadi ya gari mpaka mamlaka ya usajili iarifiwe. Kwa hiyo dereva anayejua kuusoma mvuke wa ekzosi anaokoa zaidi ya fedha za spea.

Makala haya yanaeleza mvuke huo unatoka wapi, kwa nini unaonekana sehemu fulani na si nyingine, na jinsi ya kutofautisha wa kawaida na wa hatari.

MAJI YALIYOMO NDANI YA DIZELI

Dizeli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Inapoungua ndani ya silinda, kaboni huungana na oksijeni ya hewa na kuwa gesi ya kabonidayoksaidi. Haidrojeni nayo huungana na oksijeni na kuwa maji. Lita moja ya dizeli ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji.

Lori linalotumia lita 45 kwa kilomita 100 hupitisha basi karibu lita 45 za maji kwenye ekzosi katika umbali huo. Hayo ni zaidi ya madumu mawili ya lita 20. Maji hayo hayatoki katika rejeta wala hayana uhusiano wowote na ubovu. Hata injini mpya kabisa inayatoa.

Dereva hayaoni kwa sababu yanatoka yakiwa gesi. Mvuke halisi wa maji hauna rangi. Anayetazama birika linalochemka ataona kwamba karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi isiyoonyesha kitu, na weupe huanza mbele kidogo. Weupe huo ni matone madogo sana ya maji, yaliyotokea baada ya mvuke kukutana na hewa baridi. Ekzosi hufanya kazi kwa kanuni ile ile.

KWA NINI MAKAMBAKO NA SI DAR ES SALAAM

Hewa ya joto hubeba maji mengi bila kuonyesha ukungu, na hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Hewa yenye nyuzi 10 inabeba gramu 9 hivi tu. Kinachozidi hapo hugeuka matone na kuonekana kama wingu.

Ndiyo maana lori lile lile halionyeshi kitu mchana katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, lakini likilala Njombe, Timboroa au Kabale linatoa wingu alfajiri. Timboroa iko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Katika nyanda hizo na zile za kusini mwa Tanzania, baridi ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10 katikati ya mwaka. Dereva aliyezoea njia ya pwani akipangiwa njia ya milimani kwa mara ya kwanza huweza kudhani lori limeharibika, kumbe ni hali ya hewa iliyobadilika.

Sababu ya pili ni bomba lenyewe. Usiku maji yaliyobaki ndani ya ekzosi hukusanyika kwenye mafla. Lori likiwashwa, chuma bado ni baridi, hivyo mvuke hugeuka maji humo humo na matone hudondoka kwenye mwisho wa bomba. Bomba likipata moto, maji hayo huchemka na kutoka kama wingu. Yakiisha, wingu hupungua.

Jambo hili linajulikana hata katika nyumba za nchi za baridi, ambako maji ya kupasha vyumba joto huchemshwa kwa boila ya gesi. Tangu Aprili 2005, kwa kawaida boila mpya za gesi zinazofungwa katika nyumba za England na Wales zinatakiwa ziwe za aina inayokamua joto hata katika moshi wake. Moshi huo hutoka ukiwa umepoa, mvuke wake hugeuka matone, na wingu jeupe huonekana kwenye bomba nje ya ukuta siku za baridi. Boila ya zamani ilitupa joto jingi nje na weupe ukawa mdogo. Weupe peke yake, kwa boila au kwa lori, si ushahidi wa ubovu.

DALILI ZA MVUKE WA KAWAIDA

Mvuke wa kawaida una tabia zinazoweza kutambuliwa bila kifaa chochote:

- Ni mwepesi, na hutoweka hewani mita chache kutoka kwenye bomba. Hauning'inii juu ya maegesho kama moshi wa kuni mbichi.
- Hauna harufu zaidi ya ile ya kawaida ya ekzosi, na hauchomi macho.
- Hupungua kadiri injini inavyopata moto. Injini ya dizeli ikiachwa inanguruma bila mzigo huchelewa kupata moto, kwa hiyo kipimo sahihi ni baada ya kutembea kilomita kadhaa.
- Maji ya rejeta hayapungui.

Asubuhi yenye baridi kali au mvua, wingu jepesi linaweza kuendelea kuonekana hata injini ikiwa ya moto. Hapo tabia tatu nyingine ndizo zinazoamua, na ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

WEUPE WA DIZELI ISIYOUNGUA

Aina ya pili ya weupe si maji. Ni dizeli iliyopita kwenye silinda bila kuungua ikatoka kama ukungu mzito. Huchoma macho, hunuka dizeli mbichi, na hukaa hewani muda mrefu. Mara nyingi injini huwa inatetemeka au kukosa mlio sawa.

Ikitokea sekunde chache wakati wa kuwasha injini asubuhi ya baridi, si jambo kubwa. Ikiendelea, sababu zinazotafutwa ni nozeli inayovuja au kumwaga badala ya kupuliza, mgandamizo mdogo katika silinda iliyochakaa, taiming iliyochelewa, hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, na hita ya kupasha hewa isiyofanya kazi.

Sababu nyingine ni mafuta yenyewe. Dizeli yenye maji huleta weupe na mgongano ndani ya injini. Dawa ya kwanza ni kufungulia maji kwenye filta ya kutenganisha, kazi ya dakika chache. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huwaka kwa shida injini ikiwa baridi, na hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli. Uharibifu wake hujionyesha wiki nyingi baadaye, wakati risiti ya sheli imeshatupwa.

Nchi za ukanda huu zimechukua hatua dhidi ya uchakachuaji. Mwaka 2010 Tanzania, kupitia EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilo hilo. Kwa msafirishaji, kinga iliyo mikononi mwake ni kujaza kwenye vituo anavyovijua na kutunza risiti. Weupe unaoanza mara tu baada ya kujaza mafuta mahali papya ni sababu ya kukagua filta kabla ya kulaumu injini.

WEUPE WA MAJI YA REJETA

Hii ndiyo aina inayoua injini. Maji yanayopoza injini hupita katika njia zake, yakitenganishwa na moto wa silinda kwa chuma na gasketi. Gasketi ikiungua, au silinda hedi ikipasuka au kupinda, maji huingia kwenye silinda na kutoka kama wingu zito jeupe.

Wingu hili haliishi injini inapopata moto, na mara nyingi huongezeka lori linapopanda mlima. Iwapo rejeta ina kulanti, huwa na harufu tamutamu. Lakini malori mengi hutumia maji matupu, na hayo hayana harufu hiyo. Dereva asiyesikia utamu asijidanganye kwamba yuko salama.

Dalili zinazoambatana nalo ni hizi:

- Maji yanapungua kila siku bila kuonekana yanapovuja.
- Mapovu yanatoka kwenye rejeta injini inaponguruma.
- Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyokuwa baridi.
- Oili kwenye kijiti cha kupimia imekuwa kama chai ya maziwa.
- Lori linachemsha mlimani, au geji ya joto inapanda na kushuka ghafla.

Kuhusu oili, kuna tahadhari. Asubuhi za baridi, utando mdogo wa maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili unaweza kuwa umande tu uliokusanyika usiku. Kinachoaminika ni oili iliyo kwenye kijiti.

Maji yanaweza pia kukusanyika juu ya pistoni usiku lori likiwa limesimama. Maji hayabanwi kama hewa. Stata ikizungusha injini ikiwa katika hali hiyo, konrodi inaweza kupinda au kuvunjika. Lori linalopoteza maji usiku na kugoma kuzunguka asubuhi lisilazimishwe kwa stata wala kwa kusukumwa au kuvutwa na lori jingine.

KABLA YA KUFUNGUA SILINDA HEDI

Mapovu kwenye rejeta na maji yanayopotea humfanya fundi mwenye haraka atamke gasketi. Lakini kuna sehemu nyingine zinazoleta dalili hizo hizo, na kuzikagua kunagharimu kidogo.

Ya kwanza ni kifuniko cha rejeta. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, kwa nyuzi 95 hivi Makambako, na kwa nyuzi 91 hivi Timboroa. Kifuniko kizima huongeza presha ndani ya rejeta na kupandisha kiwango hicho. Presha ikiongezeka kwa baa moja, maji huchemka karibu nyuzi 120. Kifuniko kilicholegea, au kilichozibwa kwa kitambaa na mpira, huyaacha maji yachemke mapema. Lori kama hilo linaweza kutembea vizuri kutoka bandarini hadi Morogoro, kisha likachemsha Kitonga.

Ya pili ni kompresa ya upepo wa breki. Katika malori mengi kompresa hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ikiungua, upepo huingia kwenye maji na mapovu huonekana kwenye rejeta kana kwamba ni silinda hedi. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mapovu wakati upepo unajaa. Yakipungua pale matangi yanapojaa na kompresa kupumzika, uchunguzi uanzie hapo. Aidha, matangi ya upepo yanapofunguliwa chini na kutoa maji yenye rangi ya kulanti, kompresa ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Ya tatu ni kipozeo cha EGR katika malori yaliyo na mfumo huo, ambao hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Kipozeo hicho kina maji upande mmoja na moshi upande wa pili. Kikipasuka, maji huingia moja kwa moja kwenye njia ya moshi. Weupe huonekana na maji hupungua, wakati gasketi ya silinda hedi ni nzima kabisa.

Malori ya mtumba ya Ulaya yenye mfumo wa AdBlue yana jambo la ziada. AdBlue ni maji yenye urea asilimia 32.5 yanayopuliziwa kwenye ekzosi. Kifaa cha kupulizia kikivuja, huacha ungaunga mweupe kwenye maungio ya bomba, weupe huonekana kwenye ekzosi, na harufu kali kama ya mkojo husikika. Hapo injini yenyewe haina kosa.

VIPIMO VYA BARABARANI

Dereva na utingo wanaweza kufanya vipimo vifuatavyo kabla ya kumwita fundi:

1. Kiwango cha maji. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta na uweke alama kwenye tangi la akiba. Kagua kesho yake ikiwa baridi tena. Andika kiasi kilichoongezwa na kilomita zilizotembewa.

2. Kitambaa cheupe. Kishikilie mbele ya ekzosi kwa dakika moja bila kugusa bomba, kisha kianikwe. Maji matupu hukauka yakiacha masizi kidogo tu. Dizeli huacha unyevu wa mafuta wenye harufu. Oili huacha madoa mazito.

3. Mapovu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, na utazame. Mapovu machache ya mwanzo baada ya kujaza maji ni hewa iliyokuwa imebaki. Yanayoendelea mfululizo ni dalili. Rudisha kifuniko kabla injini haijapata moto.

4. Oili. Vuta kijiti kabla ya kuwasha. Angalia rangi na kiwango. Oili iliyoongezeka bila kujazwa imeingiliwa na maji au dizeli.

Gereji yenye vifaa inaweza kuthibitisha kwa pampu ya presha ya rejeta, au kwa dawa inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi iliyoingia kwenye maji. Mwenye lori ana haki ya kuomba kimojawapo kifanyike kabla silinda hedi haijafunguliwa.

Daftari la maji lina faida nyingine. Ugomvi mwingi kati ya mwenye lori na dereva hutokea baada ya injini kufa: mmoja anasema lilikuwa zima, mwingine anasema alitoa taarifa. Kumbukumbu inayoonyesha lita mbili Jumatatu, tatu Jumatano na tano Ijumaa humaliza ugomvi huo, na kabla ya hapo humwambia mwenye lori kwamba safari inayofuata isianze.

LORI LIKIANZA MLIMANI

Ikiwa weupe mzito unaanza ghafla kwenye mpando kama Kitonga au Sekenke na geji inapanda, dereva anashauriwa kupunguza mzigo wa injini kwa kushuka gia, kisha kusimama mahali salama na kuweka vigingi na alama. Kuendelea ili "kufika juu kwanza" ndiko kunakogeuza gasketi iliyoungua kuwa silinda hedi iliyopinda.

Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Maji yaliyo chini ya presha hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Wala injini iliyochemsha haimwagiwi maji baridi, kwa sababu chuma cha moto kikipoa ghafla hupasuka. Subira ya saa moja ni rahisi kuliko injini.

Mzigo ukiwa wa transiti, wakala wa forodha apigiwe simu mapema, hasa ikiwa lori lina kifaa cha kielektroniki cha ufuatiliaji. Lori lililosimama muda mrefu nje ya vituo vinavyotambuliwa huleta maswali, na maelezo yanayotangulia maswali hupokelewa vizuri zaidi.

MOSHI WA BLUU NA MWEUSI

Rangi nyingine mbili zinahitaji maneno machache. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Hutokana na ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa, au turbo inayovujisha oili. Lori halisimami siku hiyo, lakini oili ipimwe kila kituo.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kwanza hukaguliwa filta ya hewa, kisha mipira ya turbo, kisha nozeli. Kwenye mwinuko wa Timboroa hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ile ya pwani, hivyo injini isiyo na turbo hutoa weusi zaidi huko bila kuwa na ubovu mpya.

KUNUNUA LORI LA MTUMBA

Muuzaji anayejua lori lake lina tatizo hulipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi aombe kuliona likiwa baridi, aguse injini kwa mkono kabla ya kuwashwa, na atazame ekzosi tangu sekunde ya kwanza. Kisha alitembeze hadi lipate moto na atazame tena.

Rejeta yenye maji safi mapya katika lori kuukuu, kifuniko kipya peke yake, au alama za gamu ya gasketi kwenye maungio ya silinda hedi si lazima ziwe ushahidi wa udanganyifu, lakini ni sababu ya kuuliza na kuomba kipimo cha presha. Ikiwa biashara inafanyika Mombasa au Dar es Salaam na lori litafanya kazi nyanda za juu, kumbuka kwamba joto la pwani huficha mvuke wa kila aina. Kipimo cha maji hakifichwi na hali ya hewa.

HATARI ISIYOONEKANA

Wingu jeupe humtisha mtu kwa sababu analiona. Gesi inayoua madereva haionekani. Kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu, na hutokea pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha.

Katika usiku wa baridi kwenye foleni ya mpakani, baadhi ya madereva huingiza jiko la mkaa ndani ya kabini na kufunga vioo. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi ndio unaodhaniwa kuwa salama, kumbe unatoa gesi hiyo kwa wingi. Kulala huku injini inanguruma na ekzosi imetoboka chini ya kabini nako kuna hatari ya aina hiyo, ingawa dizeli hutoa kabonimonoksaidi kidogo kuliko mkaa.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito usio wa kawaida. Mtu akikutwa katika hali hiyo atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali hata kama ameamka. Kinga ni blanketi, nguo nzito, na jiko kubaki nje.

KWA UFUPI

- Weupe mwepesi wa asubuhi, usio na harufu, unaopungua lori linapotembea, maji hayapungui: mvuke wa kawaida. Safari iendelee.
- Weupe unaochoma macho na kunuka dizeli: mafuta hayaungui. Kagua filta ya maji, mafuta na nozeli.
- Weupe usioisha, maji yanapungua: usipandishe mlima. Kagua kifuniko, kompresa na kipozeo cha EGR, kisha gasketi.
- Weupe wenye ungaunga kwenye maungio ya ekzosi: kagua mfumo wa AdBlue.
- Bluu: oili. Nyeusi: hewa kidogo au dizeli nyingi.
- Jiko la mkaa ndani ya kabini: kamwe.

Rangi ya wingu inaweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Maji yaliyopungua kwenye rejeta hayadanganyi, na kuyapima asubuhi kabla ya kuwasha injini hakugharimu hata shilingi moja.